Afueni ya Sola Imo Ndani ya Bei: Mwongozo kwa Mkazi wa Eastlands

Serikali ya Kenya haitakutumia pesa kwa M-Pesa eti kwa sababu umeweka paneli ya sola juu ya paa. Hilo lieleweke mapema, maana mitandaoni kumejaa video za Wamarekani wanaoeleza jinsi walivyorudishiwa sehemu ya gharama, na mtu wa Umoja au Komarock, hapa Eastlands ya Nairobi, akizitazama hudhani kuna ofisi mjini inayomsubiri na hundi yake. Ofisi hiyo haipo. Hata huko Marekani kwenyewe, nafuu ya asilimia 30 iliyokuwa ikipewa wenye nyumba ilikomeshwa mwishoni mwa 2025. Kwa hivyo mtu akikugongea mlango Kayole au Dandora na fomu ya “sola ya serikali” akitaka ada ya usajili, mfungie mlango na uwaambie majirani.

Afueni yenyewe ipo, lakini Kenya imeificha ndani ya bei ya vifaa na ndani ya viwango vya stima. Anayeipata ni yule anayejua pa kuidai, na mara nyingi pa kuidai ni kaunta ya duka, kabla hujatoa pesa mfukoni.

Dukani: ushuru usiostahili kuulipa

Tangu 2014 vifaa maalumu vya sola vilikuwa vimesamehewa ushuru wa VAT. Sheria ya Fedha ya 2020 ikaufuta msamaha huo, wauzaji na wanunuzi wakalalamika, na Sheria ya Fedha ya 2021 ikaurudisha kuanzia Julai mwaka huo. Waliotunga sheria walitaja vitu kwa majina: paneli, vidhibiti chaji vya mkondo mnyoofu, inveta za mkondo mnyoofu, na betri za kuhifadhi nguvu za jua, zile zinazovumilia kuchajiwa na kumalizwa kila siku. Vitu hivyo havistahili kukuongezea asilimia 16. Nyaya, swichi, balbu, vyuma vya kushikilia paneli na kazi ya mkandarasi aliyesajiliwa kwa VAT haviko katika orodha hiyo, na ushuru wake ni halali.

Sasa twende Luthuli Avenue au River Road, mahali wengi wetu tunaponunulia. Utakuta kitita kizima kimepangwa kwenye kaunta, paneli, inveta, betri na furushi la nyaya, na kijana atakupigia hesabu ya jumla kwa kalkuleta. “Mkubwa, hii yote ni laki moja na kumi na sita. Nikuandikie risiti ama tuende bila?” Hapo ndipo afueni yako inapopotea, tena mara mbili. Ukikubali bei ya jumla, hujui kama VAT imepakwa juu ya kila kitu. Ukikubali kwenda bila risiti, hakuna karatasi ya kudai waranti betri ikifa baada ya miezi minne.

Mwambie akuandikie kila kifaa kwenye mstari wake. Tuseme katika kitita hicho vifaa vilivyosamehewa vina thamani ya shilingi 80,000, na vingine vyote 20,000 kabla ya ushuru. VAT halali ni asilimia 16 ya hizo 20,000 tu, yaani 3,200, na jumla inakuwa 103,200. Kati ya hapo na 116,000 kuna shilingi 12,800 ambazo hakuna sheria inayokutaka uzitoe. Ndiyo rudisho lako hilo, na unalipata palepale ukiwa umesimama dukani.

Risiti iwe ya eTIMS, mfumo wa risiti za kielektroniki, yenye msimbo wa mraba unaoweza kuuskani kwa simu na kuona kama Mamlaka ya Mapato, KRA, inaitambua. Kila mstari huonyesha kiwango cha ushuru. Muuzaji akisema mashine yake haiwezi kutenganisha vitu, nenda duka la pili. Mtaa ule una maduka mengi na wote wanataka kuuza. Ila usitarajie bei ishuke kwa asilimia 16 kamili ukilinganisha na kifaa kinachotozwa. Kitu kilichosamehewa VAT hakimpi muuzaji nafasi ya kurudishiwa VAT aliyolipa kwenye gharama zake mwenyewe, kama kodi ya duka na usafiri, naye huiingiza kwenye bei. Hilo ni haki yake. Kisicho haki ni kukuandikia ushuru ambao hataupeleka popote.

Ukiwa bado hapo kaunta, tazama stika ya Shirika la Viwango, KEBS. Bidhaa iliyoagizwa nje huwa na alama yake, na ile ya humu nchini huwa na namba ya kibali unayoweza kuituma kwa ujumbe mfupi: andika SM, alama ya reli, kisha namba, utume kwa 20023. Jibu litakutajia bidhaa na kampuni. Paneli iliyoandikwa wati 300 na ikatoa 180 inakula kila shilingi ya msamaha wa ushuru ulioupigania. Na usikubali betri ya gari kwa sababu ni rahisi. Ile imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ukiimaliza kila usiku kwa televisheni haitakufikisha mwakani.

Ruzuku iliyo ndani ya tokeni

Hapa ndipo ninapotaka utulie, kwa sababu ndipo penye pesa ambazo watu wa Eastlands hupoteza kila mwezi bila kujua. Kenya Power haituuzii sote uniti kwa bei moja. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2023, nyumba inayotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi iliwekewa bei ya msingi ya shilingi 12.22 kwa uniti. Kuanzia 31 hadi 100 ilikuwa 16.30. Ukipita 100 ilikuwa 20.97. Bei hizi za msingi hurekebishwa, na juu yake huongezwa gharama ya mafuta, tozo na VAT, lakini ngazi tatu ndizo za kukumbuka. Unapangwa kwenye ngazi kwa wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu, na ukishapangwa, uniti zako zote hutozwa bei ya ngazi hiyo, si zile za ziada pekee.

Kwa viwango hivyo vya 2023, chukua nyumba ya Buruburu inayotumia uniti 120. Bei ya msingi ni kama shilingi 2,516. Nyumba hiyo ikishuka hadi 95, inalipa kama 1,548. Imepunguza uniti 25, ambazo kwa bei yake ya zamani zingekuwa shilingi 524, lakini imeokoa 968, kabla hata ya kuhesabu VAT iliyopungua. Tofauti hiyo imetoka kwenye ngazi. Hii ndiyo ruzuku kubwa zaidi ya nishati anayoweza kuipata mtu wa nyumba ya kawaida Nairobi, na haina fomu ya kujaza.

Uniti 25 kwa mwezi ni kitu gani? Televisheni ya wati 80 kwa saa tano, balbu sita za wati 9 kwa saa tano, na ruta ya wifi ya wati 10 usiku na mchana: vyote pamoja ni kama uniti 0.9 kwa siku, karibu 27 kwa mwezi. Nairobi hupata wastani wa saa kama tano za jua kamili kwa siku. Paneli moja ya wati 300, ukitoa hasara za njiani, hutoa takriban uniti moja, na betri ya lithiamu ya volti 12 na ampia 100 huweza kuibeba hadi usiku. Mwezi wa Julai, mawingu yakitanda kutoka asubuhi hadi saa tisa, itapungua, nawe utarudi kwenye stima siku kadhaa. Kwa kuwa ngazi hupimwa kwa wastani wa miezi mitatu, siku hizo hazitakuangusha kama umeacha nafasi. Lenga 90, usilenge 99.

Lakini usinunue kabla ya kujua uko wapi. Piga *977# au fungua jumbe za tokeni ulizonunua miezi mitatu iliyopita, ujumlishe uniti, ugawanye kwa tatu. Ukijikuta kwenye 104, huhitaji paneli. Unahitaji kuongea na watu wa nyumbani kuhusu heater ya shawa. Ile ya kuchemsha papo hapo ina wati 5,000 au zaidi, na dakika kumi za mtu mmoja ni karibu uniti nzima. Ukiwa kwenye 35, pasi ya kila asubuhi ikigeuzwa kuwa ya mara moja kwa wiki na balbu zote zikawa za LED, unaweza kuingia chini ya 30 na kulipa bei ya chini kabisa. Na ukiwa kwenye 60, uko katikati ya ngazi. Sola haitakuokolea pesa za maana. Inunue kwa sababu ya giza basi, na hiyo ni sababu tosha kwa yeyote anayekumbuka Agosti, Novemba na Desemba 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima mara tatu katika muda wa miezi minne.

Mpangaji, landlord na paa

Hesabu zote hizo ni za mtu mwenye mita yake ya Kenya Power. Pipeline, Tassia, Kariobangi na kwingineko, wengi wako kwenye mita ndogo za landlord. Mita kubwa ya ploti ikijumlisha matumizi ya vyumba thelathini hupita uniti 100 kabla wiki haijaisha, na mpangaji anayetumia uniti 20 kwa mwezi huishia kulipa bei ya juu kabisa, wakati ruzuku ya uniti 30 iliwekwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Hili linaniuma kuliko jambo lingine lolote katika habari hii. Kabla ya kulipa depositi ya nyumba, uliza swali moja: “Mita hii ni ya Kenya Power yenyewe ama ni ya ploti?” Nyumba mbili za kodi sawa zinaweza kutofautiana kwa mamia ya shilingi kila mwezi kwa sababu ya jibu hilo tu.

Kama umeshakwama kwenye mita ya ploti, kitita kidogo kinachobebeka ndicho chako: paneli ya kuning’iniza kwenye balkoni inayopata jua, taa tatu na mahali pa kuchaji simu. Usikigongomee ukutani. Ukitaka kukiweka juu ya paa, zungumza na landlord wala si keateka peke yake, na upate japo ujumbe wa WhatsApp unaosema paneli ni mali yako na utaondoka nayo. Wanaoishi katika nyumba kuukuu za kaunti, zile zilizomo kwenye mipango ya kubomolewa na kujengwa upya, wasifunge kitu chochote kisichong’oka kwa spana.

Wewe mwenye ploti nawe nina neno lako. Unalipa ushuru wa kodi za nyumba kwa asilimia 7.5 ya mapato ghafi tangu Januari 2024, na katika utaratibu huo hakuna gharama inayokatwa kwanza. Kwa hivyo usidanganywe na muuzaji kwamba sola itakupunguzia ushuru huo. Faida yako iko kwenye pampu. Maji ya kisima hupandishwa kwenye matangi ya juu mchana, saa ambazo jua liko, na pampu haihitaji betri: tangi lenyewe ndilo ghala. Taa za ngazi na lango zikifuata, bili inayobaki kwako kama mwenye ploti inaweza kushuka sana bila kumgusa mpangaji hata mmoja.

Kurudisha stima kwa Kenya Power

Sheria ya Nishati ya 2019 iliruhusu mwenye mfumo usiozidi megawati 1 kuunganishwa na gridi na kuhesabiwa stima anayoipeleka huko, na kanuni za utekelezaji zilitoka 2024. Kwa kila uniti unayopeleka unaandikiwa nusu uniti. Watu wengi wamelipokea jambo hili kama biashara mpya. Mimi naliona kama nyongeza ndogo. Uniti uliyoitumia mwenyewe saa sita mchana inakuokolea bei nzima, uliyoipeleka inakupa nusu yake. Mwenye nyumba Donholm au Buruburu aliye na paa lake apime mfumo kulingana na anachotumia mchana, asijaze paa akitumaini kumuuzia Kenya Power.

Na usiunganishe kabla ya kuomba, kukaguliwa na kuwekewa mita inayosoma pande zote mbili. Ziko mita za tokeni zinazohesabu stima inayotoka kana kwamba umeitumia, na utajikuta unanunua tokeni za jua lako mwenyewe. Jambo lingine ambalo fundi asiyejua hatakuambia: mfumo uliounganishwa na gridi bila betri huzima stima ikipotea, hata jua likiwa kali. Umeundwa hivyo ili usimuue fundi wa Kenya Power aliye juu ya nguzo. Kama unachotaka ni kuepuka giza, betri ni lazima.

Fundi mwenyewe awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati. Leseni za sola zina madaraja: T1 kwa mifumo midogo ya paneli moja, T2 ya wastani, na T3 kwa mifumo mikubwa na iliyounganishwa na gridi. Mwombe akuonyeshe, kisha utafute jina lake kwenye orodha ya EPRA. Fundi stadi atakuja kwanza kutazama paa, ataelekeza paneli kaskazini kidogo kwa sababu Nairobi iko kusini ya ikweta, na ataiinamisha kiasi ili mvua ioshe vumbi. Atakayekuambia “leta pesa nitanunua mwenyewe” amekunyima ile risiti tuliyoizungumzia.

Kulipa polepole, na jikoni

Kampuni za lipa-kidogo-kidogo zimewasaidia watu wengi tangu M-KOPA ilipoanza kuuza kwa njia hiyo 2012. Kabla ya kuweka sahihi, zidisha. Depositi 4,000 na shilingi 60 kwa siku kwa siku 540 ni 36,400. Uliza bei ya taslimu ya kitita hichohicho, uone unalipa kiasi gani kwa ajili ya kungojewa. Mwanachama wa sacco alinganishe kwanza na mkopo wa huko, kisha anunue taslimu, maana ni mwenye taslimu anayeweza kushindana na muuzaji kuhusu VAT. Katika mkataba wa kila siku bei imeshafungwa.

Jikoni, afueni iliyo wazi ni ya gesi. Ilitozwa VAT ya asilimia 16 kuanzia Julai 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka uliofuata, ikaondolewa kabisa 2023. Kwa anayeweza kununua mtungi wake mwenyewe, hiyo ni nafuu ya kila anapojaza. Presha kuka ya umeme, ambayo Kenya Power imekuwa ikiipigia debe katika kampeni ya Pika na Power, huchemsha maharagwe kwa chini ya uniti moja, lakini ihesabu kwenye ngazi yako: uniti 15 za kupika zinaweza kukutoa 90 zikakupeleka 105. Anayetumia makaa bado, jiko la udongo linaloundwa Shauri Moyo na Kamukunji hupunguza makaa kwa kiasi kinachoonekana kwenye debe. Na jiko lolote linalouzwa kwa bei ya kutupa na kutegemea mafuta ya kampuni moja tu, lichukue kwa tahadhari. Kampuni ikifunga, umebaki na bati.

Kuna ruzuku moja ya kweli ambayo huwezi kuipata Nairobi lakini huenda mama yako akaipata. Mradi wa KOSAP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulilenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma na gridi: Garissa, Isiolo, Kilifi, Kwale, Lamu, Mandera, Marsabit, Narok, Samburu, Taita Taveta, Tana River, Turkana, Wajir na West Pokot. Ulizipa ruzuku kampuni zinazouza sola za nyumbani ili zifike huko. Kama kwenu ni mojawapo ya hizo, ulizia kwa chifu kama ruzuku hiyo bado ipo kabla ya kununua kitita Luthuli Avenue na kukipandisha basi.

Mwisho ni kalenda. Kila mwaka Mswada wa Fedha hufika bungeni kabla ya Aprili kuisha, na kwa kawaida Sheria yake huanza Julai. Ndivyo msamaha wa VAT ulivyoondoka 2020 na ndivyo ulivyorudi. Kama unapanga kununua kati ya Mei na Juni, soma kwanza orodha ya bidhaa zinazoongezwa na zinazoondolewa. Wiki mbili zinaweza kukugharimu au kukuokolea asilimia 16. Na mwezi huo wa Mei, Bunge la Taifa hupokea maoni ya wananchi kwa maandishi, yakielekezwa kwa Karani wa Bunge. Chama cha wakazi wa korti moja ya Umoja kinaweza kuandika ukurasa mmoja: msamaha wa sola ubaki, na mpangaji aliye kwenye mita ya ploti naye apewe njia ya kuifikia bei ya uniti 30.